Maman Reko na Kikohozi cha Baba Neema

Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, katibu wa shirika letu alipokuwa akisoma orodha ya akina mama, na hata siku ile nilichelewa kuelewa kwamba anayeitwa ni yeye. Kwetu alikuwa Maman Reko, basi. Reko ni mtu wa kujitolea anayetembea nyumba kwa nyumba kwa ajili ya kituo cha afya. Anauliza nani anaumwa, nani ana mimba, mtoto gani hajapata chanjo, kisha anapeleka habari juu kwa muuguzi. Mareko wengine walikuwepo, wanaume kwa wanawake, lakini ukisema "Reko amepita", kila mtu alijua unamsema nani.

Tena hakupita, aliingia. Hakungoja kukaribishwa. Ungemsikia kwanza akihema nje, maana kila nyumba kwetu ni ya kupandia au kushukia, halafu ungemwona yuko katikati ya chumba, mikono kiunoni, anatazama kitanda kabla hajawatazama watu.

"Nani iko analala saa hii?"

Tulikaa Nyalukemba, mjini Bukavu, upande wa chini, pale nyumba zilipobanana kwenye mteremko mpaka karibu na ziwa. Gari halifiki. Pikipiki inaishia juu kwenye lami, na kutoka pale unashuka kwa miguu njia ya udongo ambayo wakati wa mvua inakuwa potopoto tupu. Upande wa Muhumba, kwa wenye pesa, tunaona mageti, na magari yanayoingia mpaka barazani. Kwa macho ni karibu. Mgonjwa wetu akizidiwa anakalishwa kwenye kipoyi, kiti kilichofungwa juu ya miti miwili, na wanaume wanne wanampandisha huku wakiteleza. Watu wa mbali hudhani kwamba shida ya kutibiwa ni dawa peke yake. Kwetu shida ya kwanza ilikuwa kufika barabarani, na ya pili ilikuwa kukubali kwenda. Hiyo ya pili ndiyo Maman Reko aliyoifanya kazi yake. Asubuhi aliuza sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwa letu, sokoni. Kuanzia mchana alikuwa wetu.

Aliamini kwamba wengi wanaenda kwa daktari na kurudi kama walivyokwenda kwa sababu hawajui kusema wanachoumwa.

"Docteur iko na bantu mingi," alikuwa akisema. "Ukimwambia mwili yote inauma, atakupatia kidonge ya mwili yote."

Kwa hiyo alitufundisha nyumbani kwake. Alikaa nyuma ya meza yake ndogo, akavaa miwani ya marehemu mume wake, ambayo ilimfanya asione kitu, akawa daktari. Wewe ulikaa mbele yake kwenye kigoda na kueleza. Ukisema maumivu yalianza "zamani", alipiga meza. Zamani gani? Kabla ya Pasaka au nyuma yake? Yanakuja ukila au ukilala? Alikurudisha mpaka mlangoni uingie upya.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa mlinzi wa ghala, alipata shida ya mkojo. Alikuwa akisimama nyuma ya nyumba muda mrefu bila kutoa kitu, anarudi akitokwa jasho. Aliambiwa daktari wa siku hiyo ni msichana, na akakataa kabisa kwenda.

"Nitamwambia ninaumwa mugongo," alisema.

"Vizuri," alijibu Maman Reko. "Utaenda na mugongo, utarudi na mugongo, na mukojo itabakia mule mule. Kaa hapa. Sema: mukojo."

Mzee alitazama mlango.

"Papa, sema. Hata mimi niko mwanamuke, na bado sijakufa."

Alilisema neno lile kwa sauti ya chini, kisha mara ya pili, na mara ya tatu wote wawili wakaangua kicheko mpaka mimi niliyekuwa napita nje nikasimama kusikiliza. Wiki ile alipasuliwa. Aliporudi akawa anamwamkia njiani, "Bonjour, Docteur," na yeye anaitikia kwa uzito wote, bila kutabasamu.

Kulikuwa pia na viatu. Maman Reko alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vya kufunika, vya ngozi, na vile vilikuwa viatu vya hospitali vya wanawake wote wa mteremko wetu. Ulishuka na kupanda na ndala zako, viatu mkononi ndani ya mfuko. Ukifika kwenye lami unaosha miguu kwa maji ya chupa, ndipo unavivaa. Mwanamke anayeingia na miguu ya matope, alisema, anajikunja mwenyewe kabla hajakunjwa na mtu, anakaa benchi ya mwisho, na wote wanapita mbele yake. Mimi nilivivaa nikiwa na mimba ya Neema. Vilinibana vidole kiasi kwamba nilipoulizwa ninaumwa wapi nilitaka kusema miguu. Lakini nilikaa benchi ya mbele.

Na alikuwa mwongo. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Mlinzi wa geti la hospitali akiuliza, "Wewe uko nani kwa huyu mugonjwa?" alijibu bila kupepesa, "Niko mama yake." Alikuwa mama wa wazee waliomzidi umri. Alikuwa mama wa mapacha wa watu watatu mbalimbali. Siku moja mlinzi alimwambia kwamba juzi tu alikuwa mama wa mwingine, na yeye akamjibu, "Nilizaa sana, papa. Fungua." Jumamosi alikwenda kuungama. Alitusimulia kwamba padri alimuuliza ameongopa mara ngapi wiki ile, na alipoeleza ni kwa nani na kwa ajili gani, padri alikohoa kidogo akampa Salamu Maria moja tu. "Moja," alisema akiinua kidole. "Ya masengenyo alinipatia kumi."

Kuhusu waume alikuwa na namna yake. Mwanaume mmoja wa jirani alikataa mke wake apelekwe, akasema mwanamke haondoki nyumbani bila ruhusa, na ruhusa ataitoa akijisikia. Maman Reko hakubishana naye. Alichukua kigoda chake, akaenda kukaa mlangoni pa nyumba ile wanaume wanapokunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaweka mikono juu ya magoti. Kila aliyeingia alimuuliza, "Maman Reko, kuna nini?" Na yeye alimjibu kila mmoja kwa upole, "Niko nangojea ruhusa." Hakutaja jina la mtu. Ilipita kama saa moja. Mwishowe yule mwanaume alitoka na kopo lake nusu, akampita bila kumtazama, akaenda nyumbani kumvalisha mke wake kitambala cha kichwa apelekwe.

Sasa nieleze jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Maman Reko huyohuyo aliogopa karuho.

Asiyekuwa wa kwetu labda hajui neno hili. Karuho ni sumu ambayo watu wanaamini mtu anatiliwa kwa siri katika chakula au kinywaji, kisha inamkausha polepole. Anakohoa, anakonda, anatoka jasho, anakwisha. Mtu akikonda Bukavu, kabla ya neno lolote lingine utasikia hilo. Maman Reko, na mafunzo yake yote ya kituo cha afya, hakunywa kwenye kikombe ambacho hakukisuuza kwa mkono wake. Chupa ikifunguliwa nyuma ya mgongo wake, haigusi. Chai yangu aliikataa miaka miwili. Niliona ni dharau, nikamchukia kwa ajili ya hiyo chai, na chuki ile karibu initie hasara kubwa.

Mume wangu, Baba Neema, ni fundi wa kujenga. Mwaka ule alianza kukohoa siku chache baada ya kurudi kwenye sherehe kwa mwenzake wa kazi. Kikohozi hakikuisha. Jioni alipata joto, usiku alilowanisha shuka, na mkanda wake nikautoboa tundu jipya, kisha lingine. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kutusaidia. Alimtazama mwanawe alivyokaa kitandani, mabega yamechongoka, akasema neno moja tu: karuho. Alijua tarehe ya sherehe, akajua hata ni nani aliyemkaribisha kinywaji.

Sitasema kwamba nilikataa. Nilikubali haraka kuliko wote. Mtu aliyetiliwa sumu ana adui, na adui anaweza kulaaniwa. Kikohozi kisicho na adui sikujua nikifanyie nini. Tulimpeleka kwa mganga upande wa juu, akampa maji machungu ya kumtapisha. Nilimshika bega akitapika. Mganga alitazama ndani ya beseni akasema, "Munaona? Inatoka." Mimi niliona povu tu, lakini nilitikisa kichwa kwamba naona. Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu Baba Neema hakuweza kushuka kwa miguu yake.

Siku zote hizo Maman Reko alikuwa akiingia, na mimi nilikuwa namdanganya. Mara ya kwanza nilisema ni mafua. Aliuliza, "Tangu lini?" nikasema wiki moja. Aliangalia mkebe wa majivu chini ya kitanda, mahali Baba Neema alipokuwa anatema. Mara ya pili nilimkuta mlangoni nikamwambia analala. Mara ya tatu nilimwona anashuka, nikamwambia Neema, aliyekuwa na miaka minne, aseme mama hayupo.

Kupitia ukuta wa mbao nilisikia sauti ya mwanangu ikisema nilichomfundisha. Halafu nikasikia ya Maman Reko, kubwa, ya kunifikia mimi.

"Neema, mwambie mama mwenye hayuko ndani kwamba nitarudi kesho."

Alirudi. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, akichambua maharagi, na hakusogea kumpisha. Maman Reko hakulazimisha. Aliinama akaanza kuchambua naye. Nilikuwa ndani nikasikia yote.

"Mama, mutoto yako iko anakohoa," alisema.

"Si kikohozi ya hospitali," alijibu mama mkwe. "Ni karuho. Nyinyi bantu ba kituo hamuaminiake."

"Mimi? Mimi niko naamini karuho kuliko wewe. Mimi sikunywaka hata maji kwa bantu. Uliza bibi ya mutoto yako juu ya chai yake."

Mama mkwe aliinua macho. Hilo hakulitegemea. Mimi pia sikulitegemea.

"Karuho iko," Maman Reko aliendelea. "Lakini na tubé iko, kifua kikuu, na zote mbili zinafanana sawa mapacha. Anakohoa, anakonda, anatoka jasho. Wewe na mimi kwa macho hatuwezi kutofautisha. Kule juu kuko mashini yenye kutofautisha. Basi tupime kwanza. Kama mashini inasema hapana, mimi mwenyewe nitamupeleka kwa muganga, na nitamushikia beseni."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya huyu Neema."

Mama mkwe alirusha mawe mawili madogo kutoka kwenye maharagi. Alikuwa anafikiri. Ndipo Baba Neema alipoongea kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba.

"Nikienda kule, bantu batasema niko na SIDA, ukimwi. Wenzangu ba kazi, kule shantié, hawatanikubali tena."

Maman Reko aliingia sasa, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Bamekwisha kusema, baba. Umekonda hivi, hakuna mwenye hajasema. Kilichobaki ni wewe kujua kabla yabo."

Ajabu ni kwamba alicheka. Kicheko kilimletea kikohozi kirefu, lakini alikuwa amecheka, na mimi nilikuwa sijakisikia kicheko chake tangu sherehe ile.

Maman Reko hakutaka hata mgonjwa apande siku ile. Alitoa mkebe mdogo wenye mfuniko kwenye mfuko wake, akamwonyesha namna ya kukohoa kutoka chini kabisa, asubuhi, nje penye hewa, kabla ya kula. Alfajiri yake alikuja kuuchukua mwenyewe, akaufunga ndani ya mfuko wa peke yake, akaupandisha mlima ule wote. Nilimtazama akipanda mpaka kitambala chake kikapotea nyuma ya nyumba za juu. Niliona aibu ya chai.

Kesho yake alasiri nilimwona anashuka. Nilijaribu kusoma miguu yake. Alitembea kama kila siku, pole, akishika kuta za watu. Alipoingia alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya nyumbani kwangu hata mara moja. Aliketi.

"Ni tubé," alisema.

Mama mkwe alipiga yowe na kushika kichwa. Majirani wawili walitokeza.

"Juu ya nini unalia?" Maman Reko alimkemea. "Ungelia kama singejua ni nini. Dawa yake iko. Ni ya myezi sita, na ni ya bure."

"Bure?" niliuliza.

"Bure. Toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho."

Nilikaa chini, palepale sakafuni. Miezi yote ile tuliyozunguka na beseni, dawa ilikuwa juu pale barabarani, haidai kitu, inangoja mtu wa kuifuata. Mama mkwe alifuta macho akauliza kwa mashaka, "Dawa ya bure inaponya nini?" na Maman Reko akamwambia asubiri aone.

Lakini kabla ya kusubiri hilo, kulikuwa na lingine. Alisema mimi na Neema lazima tupimwe pia, kwa sababu tunalala chumba kimoja naye. Zile siku za kungoja matokeo ya Neema ndizo siku mbaya kuliko zote nilizoishi. Nilimsikiliza akicheza, nikihesabu kila alipopiga chafya. Maman Reko alijua. Hakungoja nipande kuuliza. Alikuja mbio kadiri mtu mnene anavyoweza kukimbia kwenye mteremko, na alipokuwa bado nyumba tatu juu yetu alipiga kelele, "Mutoto iko muzima! Mama Neema, na wewe uko muzima!" Mtaa mzima ulijua. Watoto wa jirani walishangilia bila kujua wanashangilia nini. Neema alipewa tu vidonge vya kumkinga, akawa anavidai kama peremende.

Wiki za kwanza Maman Reko alishuka kila asubuhi kabla ya sambaza zake, akasimama mbele ya Baba Neema mpaka ameze, kisha akamwambia, "Fungua kinywa." Mtu mzima, fundi, baba wa nyumba, alifungua kinywa. Siku ya pili ya dawa alitoka chooni uso umemshuka. Mkojo ulikuwa mwekundu kama maji ya tofali. Nilishtuka, lakini mama mkwe aliyekuwa nje alipiga makofi.

"Karuho inatoka! Sikuwaambia? Inatoka!"

Nilimtazama Maman Reko. Alijua vizuri kwamba ni rangi ya dawa, alikuwa ametueleza jana yake. Alifunga mfuko wake taratibu.

"Acha itoke, mama," alisema.

Mpaka leo mama mkwe anasimulia kijijini namna sumu ya mwanawe ilivyotoka nyekundu. Na kwa ushuhuda huo amekwisha kupeleka watu wawili wenye kukohoa wakapime. Nilimuuliza Maman Reko kwa nini hakumsahihisha. Akanijibu, "Mutoto yake iko anakula bugali. Umwache aseme."

Mwezi wa pili alikataa kushuka tena. Alisema Baba Neema apande mwenyewe kuchukua dawa. Nilimwona ni mkatili. Siku ya kwanza alipumzika njiani mara saba, Maman Reko nyuma yake, hamsukumi wala hamshiki. Baadaye zikawa mara nne. Ikaja siku alipopanda moja kwa moja mpaka kwenye lami, akageuka kututazama huku chini na kuinua mikono yote miwili kama mtu aliyefunga goli. Maman Reko, aliyekuwa bado katikati ya mlima akihema, alimwambia tu, "Fanya haraka, beko banafunga."

Mwezi wa tano Baba Neema alijisikia mzima, akataka kuacha. Sitarudia hapa maneno aliyoambiwa. Aliendelea mpaka mwisho, na kwenye kipimo cha mwisho hapakuonekana kitu. Mwenzake wa kwanza kumrudisha kazini alikuwa yule aliyemwalika kwenye sherehe, yule tuliyemlaani nyumbani kwetu kila jioni. Alikuja mwenyewe kumwita. Mama mkwe alimpikia. Hakuna aliyemweleza kitu, na sisi wote tulikula tukitazama sahani.

Nisije nikaonyesha kwamba Maman Reko alishinda kila mara. Kulikuwa na mwanamke kijana wa nyumba za chini kabisa, alikuwa mjamzito, na Maman Reko alikuwa amekwisha kumshawishi na kumfundisha kila neno. Uchungu ulimshika siku ya mvua kubwa. Wanaume walimpandisha kwenye kipoyi, wakaanguka mara mbili. Mama aliokolewa. Mtoto alikuwa amechelewa. Maman Reko alirudi matope mpaka kifuani, akajifungia, na kwa siku kadhaa hakuingia nyumba ya mtu. Tuliona ukimya ule mgeni kabisa. Tulijikuta tunaulizana wenyewe nani anaumwa.

Alipotoka, alitoka na jembe. Hakuita mkutano, hakuomba ruhusa. Alianza kuchimba ngazi pale mahali walipoanguka, peke yake, na kwa jinsi alivyokuwa mnene ilikuwa taabu kumtazama. Baba Neema ndiye wa kwanza aliyemnyang'anya jembe. Alimwambia kwamba ngazi anazochimba zitaondoka na mvua ya kwanza, ngazi zinataka mawe. Jumamosi iliyofuata walikuwa wanaume ishirini na kitu. Tulipitisha mawe kwa mikono kutoka ziwani, mstari mmoja wa watu. Ilichukua Jumamosi nyingi. Hazikunyooka, na moja karibu na bomba imevunjika, lakini kipoyi kinapanda na mvua ikinyesha, na tangu zilipomalizika wanawake wa chini wamefika juu kwa wakati. Sasa wengi wanapanda kwa miguu yao.

Baadaye magoti yalimshinda. Binti yake alimchukua akaishi naye Kavumu, kule kwenye mashamba, ambako ardhi imetulia. Tulimwahidi kwenda kumwona, na kama kawaida ya ahadi hizo, mara barabara, mara kazi, mara vita, muda ukapita mrefu. Mwaka huu Baba Neema alipata kazi ya kujenga upande ule, nikamwambia siku moja twende wote.

Tulimkuta amekaa nje ya nyumba kando ya barabara, mbele yake rundo la viazi na mihogo ya kuuza. Alikuwa amepungua mwili. Nywele zote nyeupe. Aliponiona alinyoosha mikono.

"Mama Neema! Mutoto iko wapi?"

"Iko masomo, maman. Iko naingia sekondari."

Tulikumbatiana. Aliniuliza kuhusu mtaa, kuhusu mzee wa ghala, kuhusu viatu vyake ambavyo alituachia. Halafu alimtazama Baba Neema aliyesimama nyuma yangu, kofia mkononi, anatabasamu, amejiandaa kwa siku hii kwa miaka.

"Na huyu papa ni nani?" aliuliza.

Nilidhani anatania. Nilimwambia ni Baba Neema, mume wangu. Alimwamkia kwa heshima, akamuuliza kazi. Nikamkumbusha tubé, mkebe, mkojo mwekundu, "fungua kinywa". Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayesimuliwa habari za mji mwingine, akatikisa kichwa.

"Balikuwa bengi, mama. Nikuongopee? Wewe nakukumbuka juu ulinifungia mulango. Yeye simuone kabisa kichwani."

Nilisikia uchungu kidogo kwa ajili ya mume wangu. Tulikuwa tumemleta kama zawadi. Yeye aliendelea kumkagua, kutoka kiatu hadi kichwa, na kwa sekunde chache nikamwona vile alivyokuwa katikati ya nyumba zetu.

"Unaumwa kitu sasa?" alimuuliza.

"Hapana, maman. Siumwe kitu."

"Basi nisaidie," alisema, akimnyooshea kidole mwenye pikipiki aliyesimama barabarani. "Huyu wa moto iko ananingojea na mufuko iko kule chini shambani. Bijana ba hapa beko banakwenda masomo."

Baba Neema alivaa kofia yake akashuka. Shamba lilikuwa chini sana, nyuma ya migomba. Niliona anainama, anapandisha mfuko wa viazi begani, gunia zima, kisha anaanza kupanda. Mimi, bila kutaka, nilitega sikio. Nimekuwa nikitega sikio tangu mwaka ule, kila anapopanda, kila anapocheka, kila anapogeuka kitandani. Alifika juu anatokwa jasho, akautua mfuko juu ya pikipiki, akajifuta shingo, akamuuliza mtu wa moto kama kamba yake ni nzima.

Maman Reko hakuwa anamtazama. Alikuwa anagombana na mwenye moto kuhusu namna ya kuufunga mfuko.